Kiraka cha Tuba

Nasra alinipigia simu siku ya tatu baada ya mazishi ya babake. Nilikuwa barazani hapa Wundanyi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na simu yenyewe ilikuwa mfukoni mwa lile koti ambalo mke wangu ananikataza kulivaa mbele ya wageni. "Adeer, mimi ni Nasra, binti Shire wa Garissa," akasema, akiniita ami kwa Kisomali, kana kwamba ningeweza kumsahau, na kabla hajaendelea nilishajua. Shire aliswali alasiri, akaomba chai, na chai ilipoletwa hakuihitaji tena. Walimzika siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi yao. "Ameacha kitu chako," Nasra akasema. "Kidogo tu. Nitakituma kwa basi." Sikumuuliza ni kitu gani. Nilikaa pale mpaka mke wangu akaja kutazama kama nimesinzia, nikamwambia kwamba mtu mwenye maneno mengi kuliko wote niliowahi kuwajua amenyamaza. Halafu nikalia, mzee mzima mwenye wajukuu, na mke wangu akaniacha nilie akaenda kuweka chai.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni 1966, vita vya shifta, kati ya serikali na Wasomali wa kaskazini, vikiwa vimewachosha hata wale waliovitaka. Vita vyenyewe sitavieleza. Wapo waliopotelewa na watu wao, na hao ndio wenye haki ya kuvisimulia kabla yangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilijifunza kupiga besi katika bendi ya shule ya misheni huku kwetu milimani, na niliamini kwa dhati kwamba kutoka Mombasa hadi Kisumu hakuna mtu anayeweza kushusha sauti chini kama mimi. Ofisi ya mkoa kule Garissa ilitaka bendi. Afisa mmoja mnene kutoka bara, aliyependa gwaride kuliko chakula, na chakula alikipenda sana, aliona kwamba mji uliozoea kusikia malori ya jeshi unastahili kusikia na muziki pia. Nikaandikwa kazi, nikapandishwa lori katika msafara wenye ulinzi, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Niliahidiwa kwamba bendi ikisimama vizuri, mkuu wa bendi kubwa ya Nairobi atakuja kuchagua wapigaji wa kwenda naye. Nilikwenda kwa ajili ya hilo tu, na siku za kwanza nilikaa katika mji ule kama mtu anayekaa kituoni akingojea gari.

Tarumbeta zilikuwapo, ngoma zilikuwapo, lakini besi hakuna. Bendi isiyo na besi inasikika nyembamba, kama watu wanaoimba wamebana pua. Nyuma ya karakana ya magari, katika chumba cha mabati kilichojaa tairi kuukuu, kulikuwa na tuba tatu, yale mapembe makubwa ya shaba ya kupulizia besi, zilizoachwa na bendi ya wanajeshi wa Mwingereza, zote zimekufa. Ya kwanza ilikuwa na mdomo mzuri mpana, lakini vali hata moja haina. Ya pili ilikuwa imekanyagwa na gurudumu, imelala bapa. Ya tatu haikuwa tuba hasa, ni ndugu yake mdogo mwenye sauti ya kati, ila vali zake tatu zilikuwa bado zinacheza ukizimiminia mafuta ya taa. Afisa alizitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mwakio, hizi tatu zitoe moja." Nikamwambia mimi ni mpigaji, si mfuaji. "Mfuaji yupo," akasema, na akaonyesha nje kwa kidevu.

Mfuaji alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akinyoosha sufuria ya mtu kwa nyundo. Alikuwa amenizidi miaka michache, mwembamba, ndevu kaziweka hina, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Huyo ndiye Shire. Alikuwa wa ukoo wa wahunzi, ambao Wasomali wenzao hawakukubali kuwaoza mabinti zao, na yeye alilijibu jambo hilo kwa kujisifu asubuhi hadi jioni. Babu yake alifua upanga uliokata jiwe. Baba yake aliziba birika la gavana na gavana akalia kwa furaha. Alipoletewa tuba zile hakuzigusa. Alizizunguka mara kadhaa, mikono nyuma, kisha akaniuliza, "Hii nani alikufa nayo?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni vyombo vya muziki. "Basi muziki ndiyo alikufa," akasema. "Lakini wewe usijali. Mimi natengeneza banga, natengeneza birika, natengeneza kitanda ya hosbitali. Hii ni bomba tu, nakunja kunja." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, P zote anazigeuza B na V zote F, na baada ya mwezi mmoja nikajikuta na mimi nasema banga.

Kwa nini Shire alikuwa bado mjini lazima nieleze sasa, maana kila kitu kimesimama hapo. Mwaka ule watu wa mabulla, vile vijiji vya Wasomali vya pembeni, walikuwa wakikusanywa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge nje ya mji, na ukishaingia humo hutoki bila ruhusa ya askari. Shire na mkewe Dahabo walikuwa wameshafungasha mikeka yao waende. Kazi ya tuba ndiyo iliyowabakiza. Afisa aliwapa kibali cha kukaa katika chumba chao karibu na karakana, kibali cha wiki moja, na kila Jumatatu alikuja mwenyewe kukitia sahihi upya. Aliuliza neno moja tu, "Imeisha?" Shire alijibu, "Bado kidogo, Bwana." Afisa alitia sahihi juu ya goti lake akaenda zake. Wiki za kwanza jibu lile lilikuwa la kweli.

Nimepita katika karakana nyingi baada ya ile, lakini kazi tuliyofanya pale sijaiona tena. Lori moja lilikuwa limekanyaga bomu la ardhini kwenye barabara ya Wajir, likavutwa mpaka uani kwetu, na sisi tukalichuna. Mabomba ya shaba tuliyatoa humo, risasi ya kulehemu tuliiyeyusha kutoka kwenye rejeta. Gololi za beringi tulizitumbukiza ndani ya bomba lililobonyea na kulitikisa mpaka mbonyeo ukarudi nje wenyewe, kila gololi kubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kukunja bomba, kwa sababu bomba tupu ukilikunja linasinyaa. Mimi nilitaka tulijaze mchanga wa mto, kama nilivyoona kwa mafundi wa misheni. Tukajaza, likapasuka, maana mchanga ulikuwa na unyevu na moto ukaugeuza mvuke. Shire alinicheka mpaka akakaa chini. Zamu yake akajaza ubani uliotoka upande wa Elwak, ameuyeyusha na mafuta ya mkia wa kondoo na majivu, akangoja ugande. Bomba lake likakunjika vizuri kama mkono wa mtu, lakini ubani ukakataa kutoka, ukakaa humo siku mbili akiubembeleza kwa moto na kunung'unika. Nikamcheka na mimi. Mwishowe tukajua kipimo, mafuta mengi zaidi na majivu machache, na tangu hapo kila bomba tulilolipasha moto lilijaza karakana harufu ya harusi. Madereva walipita wakichungulia wakiuliza nani anaoa.

Saa ya chakula tulivuka ua kwenda kwa Dahabo. Chumba chake nakikumbuka vizuri kuliko vyumba nilivyolala mwenyewe. Mikeka ya kusuka ukutani, chetezo cha udongo pembeni, kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na mlango unaotazama mahali ambapo upepo ungetoka kama ungekuwapo. Asubuhi alitupa anjera, ile chapati yao laini, yenye samli na sukari, na chai ya maziwa ya ngamia ambayo siku ya kwanza niliinywa kwa adabu na siku ya kumi niliiomba. Akipata nyama alikuwa na nyirinyiri, vipande vidogo vilivyokaushwa na kuhifadhiwa katika samli, na alinihesabia kwa macho kila nilipochukua. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya kunicheka. "Mwakio, kula. Wewe nabuliza chuma, tumbo iko wabi?" Halafu yeye na Shire walizungumza kwa Kisomali, nami sikuelewa neno ila "tuba" na jina langu, na baada ya kila jina langu walicheka. Nilikuwa mbali na kwetu na nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu watu wakisikia Garissa ya mwaka ule wanadhani nilikaa kwa hofu tu. Hofu ilikuwapo. Jioni mbwa walipobweka upande wa mto sote tulinyamaza. Lakini chumba kile kilikuwa na furaha, na mimi nilikuwamo.

Tuba ikaanza kuwa tuba. Mdomo wa ile ya kwanza, vali za ile ndogo, na tumbo la mabomba ya lori. Haikuwa nzuri kutazama. Ilikuwa na rangi tatu na viungo vilivyovimba, na kwenye vali tulikata vipande vya kofia kuukuu ya askari viwe kizuizi ili zisigonge. Kipulizio changu nilikuwa nacho mfukoni tangu nyumbani, kwa hiyo kila Jumamosi niliijaribu. Hapo ndipo mambo yakaanza kunichanganya. Jumamosi niliacha sauti ya chini imekaa sawa, Jumanne naikuta inakohoa. Nikaziba kiungo, kikavuja kingine. Nikalilaumu jua, nikailaumu risasi ya rejeta, nikamlaumu Shire mbele ya madereva, naye kwa mara ya kwanza hakujisifu. Aliinamisha kichwa akasema, "Hii kitu iko na bumu." Mkuu wa bendi ya Nairobi alikuwa ametuma habari kwamba atakuja baada ya mvua. Nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilikuwa imeanza kugeuka hasira.

Jibu nililipata katika kantini, mbele ya sahani ya ugali na maharagwe. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha, na Afisa na karani wake walikuwa nje kwenye veranda wakingoja chakula chao. "Yule fundi," Afisa alikuwa akisema, "tuba ikiisha, siku hiyohiyo aende na wenzake. Nimeshaulizwa mara mbili kwa nini yuko mjini." Karani akasema mke wa fundi ana mimba kubwa. "Najua," akasema Afisa. "Sheria sikuiandika mimi." Halafu wakaanza kuzungumza juu ya nyama, kwamba ya leo ni ngumu kuliko ya jana. Mimi nilibaki na tonge mkononi. Mimba ya Dahabo nilikuwa nimeiona, nani asingeiona, lakini nilikuwa nimeiona kama unavyoona samani ya chumba cha watu.

Nilimkuta Shire peke yake akiwa na tuba mapajani. Nikakaa kando yake nikamweleza nilichosikia. Hakushtuka, alikuwa ameambiwa mambo hayo na Afisa mwenyewe tangu mwanzo. Alisema bila kunitazama, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Wawili tumezika, walaal. Wote walizaliwa njiani, tukihama na mbuzi, hakuna daktari. Damu ilitoka sana, Dahabo mwenyewe karibu afe. Huko ndani ya seng'enge hakuna daktari. Huyu nataka azaliwe hosbitali. Azaliwe tu. Baada ya habo wanibeleke wanataka wabi." Akageuza tuba akanionyesha tundu alilokuwa amelitoboa kwa msumari, dogo kama punje ya mtama, juu ya bomba la mbele. Nikamwambia tundu hilo limekaa mahali pa kijinga, mtu yeyote atakayeishika tuba atalihisi kwa kidole. Nikamwonyesha pa kulitoboa, chini ya tumbo kubwa, nyuma ya kishikio, ambapo hata mimi mpigaji ningelitafuta nusu siku. Alinitazama kama aliyesalimiwa na mtu asiyemtarajia, kisha akacheka, akainuka kupasha msumari moto.

Baada ya siku hiyo tulikuwa wawili katika kazi ya kutomaliza, na ni kazi ngumu kuliko kumaliza. Tuba ikiwa nzima, kibali kinakwisha. Tuba ikionekana imeshindikana, kibali kinakwisha vilevile. Ilibidi kila wiki iwe mbele kidogo kuliko wiki iliyopita na isifike. Afisa alikuja Jumatatu na sisi tukamwonyesha kitu kipya: leo vali zimelainika, leo kishikio kimekaa, leo tumeing'arisha kwa majivu na ndimu. Nilimpigia noti mbili zenye matumaini na ya tatu inayokohoa. "Imeisha?" "Bado kidogo, Bwana," tukajibu sote wawili. Dahabo alilijua neno hilo akalichukua. Ukimuuliza chakula, bado kidogo. Ukimuuliza mtoto, anashika kiuno, bado kidogo. Tukacheka mpaka machozi, na huku kila mmoja wetu alikuwa akihesabu miezi kimoyomoyo.

Mvua zikapita, Tana ikajaa na kushuka, na habari ikaja kwamba mkuu wa bendi angefika siku inayofuata. Sikuwa nimemwambia Shire jambo hilo lina maana gani kwangu. Madereva walimwambia. Adhuhuri alikuja karakana na kiraka, kipande cha shaba ya manjano alichokikata kutoka kwenye ganda la risasi, amekipinda kulingana na tumbo la tuba, kimelala juu ya tundu kama kimezaliwa hapo. Alikibandika kwa ubani ulioyeyushwa badala ya kukilehemu. "Twende mto," akasema. "Nataka kusikia."

Alasiri ile wafugaji walikuwa wameruhusiwa kunywesha ngamia mtoni, askari wawili wakiwasimamia. Tulikaa chini ya mikoma, mbali nao kidogo. Nilipuliza kwanza polepole ili shaba ipate joto, na harufu ya ubani ikapanda usoni mwangu. Halafu nikashuka. Noti moja ndefu, ya chini kabisa, ile niliyojisifia tangu nyumbani. Haikukohoa. Ilitoka pana na tulivu, nikaisikia kifuani mwangu na katika ardhi niliyokalia, na ng'ambo ya maji ngamia wakainua vichwa wote pamoja, midomo ikidondosha maji. Mzee aliyekuwa akiwaimbia ngamia wanywe alinyamaza akatazama upande wetu, halafu akaendelea kuimba, na mimi nikamfuata chini ya wimbo wake. Niliicheza besi ile kwa kadiri ya uwezo wangu wote, na sijapata kuicheza hivyo tena. Nilipoiondoa midomoni, Shire alikuwa amekaa mchangani, mikono yake yenye makovu imelala juu ya magoti. "Hii mimi nimetengeneza?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, tumeitengeneza. "Kesho biga hifyo," akasema. "Enda Nairobi. Sisi na Dahabo tutaona." Tukarudi mjini kabla ya saa ya kutotoka nje, tuba begani mwangu, yeye nyuma akinielezea jinsi babu yake angemwonea wivu.

Asubuhi niliketi karakana peke yangu na tuba mapajani. Watu wamenisifu kwa siku ile, wakati Shire alipokuwa akiisimulia kwa wageni wake, kwa hiyo niseme nilivyokuwa hasa. Nilitaka Nairobi. Nilimkasirikia Shire kwa kuwa mwema, maana laiti angeniomba nisiende ningempinga. Nilijiambia pengine mtoto atazaliwa salama hata huko ndani, watoto wangapi huzaliwa. Nilikuwa katika hayo Dahabo alipoingia na anjera yangu imefunikwa kwa kitambaa. Alikuwa anatembea kwa shida, mkono mmoja umeshika ukuta. Akaweka sahani juu ya tairi, akaitazama tuba, akakiona kiraka. Alijua maana yake. Mumewe hakuwa mtu wa kumficha kitu. "Leo biga fizuri, Mwakio," akasema, na akanirekebisha kola ya shati kama dada yangu. Halafu akatoka, ameshika ukuta vilevile.

Niliimaliza anjera yote. Kisha nikaingiza ukucha wa gumba chini ya kiraka, na ubani ukakatika kwa sauti ndogo kavu.

Mkuu wa bendi alikuwa mzee mfupi, mkimya, na kalamu sikioni. Alisikiliza tarumbeta, akachagua wawili. Alisikiliza ngoma, akachagua mmoja. Nilipoanza mimi, noti za juu zilitoka, na nilipoifuata ile ya chini ikatoka upepo na mkoromo, wale vijana wa tarumbeta wakakohoa kuficha kicheko. Nilirudia, ikakoroma tena. Uso ulinichoma. Niliona Shire amesimama penye mlango wa karakana, na niliona alipofahamu, maana aliegemea mhimili na kufunika mdomo kwa kiganja. Mzee aliomba chombo, akaweka kipulizio chake mwenyewe, akapuliza, akatega sikio. "Kina sauti nzuri ndani," akamwambia Afisa. "Kinavuja mahali. Msikitupe, malizeni." Halafu akanigeukia mimi. "Wewe, kijana, kwa chombo hiki siwezi kukusikia. Labda siku nyingine." Nikasema ndiyo, mzee. Siku hiyo nyingine haikuja, na besi ya bendi ile alipewa mtu mwingine, aliyeipiga vizuri tu. Lori lao lilipoondoka Afisa alibaki uani akiitazama tuba, akanitazama mimi, akamtazama Shire. Akatoa kalamu, ingawa haikuwa Jumatatu. "Imeisha?" akauliza. "Bado kidogo, Bwana," akasema Shire. Afisa akatia sahihi. Mpaka leo sijui alijua kiasi gani.

Shire hakunishukuru. Alikuja pale nilipokaa, akainama akaokota kiraka chini ya tairi, akakipangusa vumbi. "Wewe nabiga fibaya sana," akaniambia. "Kama ng'ombe nakufa." Akakitia mfukoni, akaenda kwa mkewe. Wiki chache baadaye, adhuhuri yenye joto la kuua kuku, Dahabo alichukuliwa hospitali, na damu ilitoka sana kama zile mara mbili, ila safari hii kulikuwa na daktari na kitanda ambacho mumewe mwenyewe alikilehemu. Nasra alizaliwa akipiga kelele. Nilipoitwa kumwona, Shire aliniwekea mikononi, akaniuliza kama sauti hiyo inavuja. Tuliendelea na bado kidogo mpaka yakafanyika mapatano mwaka uliofuata na nikapewa uhamisho. Sikupata kuwa mpigaji wa bendi. Niliishia fundi wa mabomba ya maji huku kwetu, kazi iliyonilisha, na miaka mingi hakuna aliyejua kwamba niliwahi kupiga kitu.

Jana kifurushi kilifika na basi. Bahasha ndogo, ndani yake kitambaa cha Dahabo, Mungu amrehemu na yeye, na ndani ya kitambaa kiraka. Kimekuwa cheusi. Nilikisugua kwa gumba nikakinusa, na ama ni ubani au ni uzee wangu, sijui. Nikampigia Nasra kumwambia kimefika. Sasa ni bibi mwenye wajukuu, mkunga mstaafu wa hospitali ileile, na bado ana sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Aliniambia babake, Aabo kama anavyomwita, aliwasimulia alasiri ile ya mtoni kila mwaka, na kwamba kila akiisimulia ngamia walizidi kuwa wengi. "Adeer, kuna kitu nilitaka kumuuliza Aabo siku zote, nikaona haya," akasema. "Ile tuba mliimaliza?"

Nilikitazama kiraka kiganjani mwangu. Huku ukungu ulikuwa unapanda, na mke wangu alikuwa mlangoni ameshika chai.

"Bado kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Bado kidogo."